Mtoto Mwenye Usonji na Dawa ya Usingizi: Swali la Kwanza Liwe Juu ya Kipimo Chenyewe

Mtoto mwenye usonji akifikishwa kwenye chumba cha vipimo, mara nyingi hufikwa na moja kati ya mawili. Ama atashikwa na watu wazima wanne, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wawili mikononi, huku mama akihimizwa, "Mshike vizuri, mama, asigeuke." Ama atapewa dawa ya usingizi kwa ajili ya kipimo ambacho majibu yake, yaje vyovyote yatakavyokuja, hayatabadilisha hata kijiko kimoja cha matibabu yake. Yote mawili ni makosa, na mzizi wake ni mmoja: hakuna aliyekaa na mama huyo dakika 15 kabla ya siku ya kipimo.

Tuanze na kipimo. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha. Hubainishwa kwa kumtazama mtoto akicheza, akiitwa jina, akitaka kitu asichoweza kukitaja, na kwa kumsikiliza mzazi akieleza habari za mwanawe tangu alipokuwa wa miezi. Picha ya ubongo wa mtoto mwenye usonji mara nyingi hurudi ikiwa ya kawaida kabisa, na ukawaida huo haumpunguzii usonji wake hata chembe. Hata hivyo wazazi wa Ngamiani, Makorora, Muheza na Pangani hufika kliniki wakiomba "kipimo cha kichwa", na tunaelewa kwa nini. Wameshaambiwa mengi: jini, kijicho, ulimi mzito, malezi ya simu. Picha angalau inashikika mkononi. Ila kwa mzazi wa Tanga kipimo cha MRI, ile picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, mara nyingi kina maana ya safari ya Dar es Salaam, kilomita 350 hivi kupitia Segera na Chalinze, nauli za watu wawili au watatu, malazi, gharama ya kipimo chenyewe, na juu ya yote hayo dawa ya usingizi. Mtu hapaswi kubebeshwa mzigo huo kwa ajili ya kushika picha tu.

MRI ina maana pale mtoto anapokuwa na kifafa, au upande mmoja wa mwili ni dhaifu kuliko mwingine, au kichwa ni kidogo mno au kinakua kupita kiasi, au amepoteza uwezo aliokuwa nao kwa namna isiyotarajiwa, kwa mfano alikuwa anatembea vizuri na sasa anayumba. Kipimo cha umeme wa ubongo, kile cha EEG, kinahitajika pale panapokuwa na dalili za degedege au kifafa, pamoja na zile za kimyakimya: mtoto anakodoa macho sekunde 10 au 20, haitiki hata akiguswa, kisha anaendelea na mambo yake kama hakuna kilichotokea. Pasipo dalili hizo, kumlaza mtoto kwa dawa kwa sababu tu ana usonji hakuna hoja ya kitabibu.

Kipimo ambacho kila mtoto aliyechelewa kusema anastahili ni cha masikio, na cha ajabu ndicho kinachosahaulika. Nacho kina ngazi zake. Kwanza mtazame ndani ya sikio: nta ikiziba au usaha ukiwemo, kila kipimo kitakachofuata kitatoa majibu ya uongo, na mtoto atakuwa amelazwa bure. Kisha kuna kifaa kidogo kinachowekwa mlangoni mwa sikio, kikatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani. Hicho huchukua dakika chache na hakihitaji dawa. Kinataka utulivu wa chumba na mtoto anayetazama kitu anachokipenda. Kisipotoa jibu la kutosha ndipo unafika kwenye kipimo cha tatu, cha kufuatilia sauti kwenye mshipa wa fahamu mpaka shina la ubongo, kwa vibandiko vinavyowekwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Hiki huchukua kati ya nusu saa na saa nzima, na kinataka mtoto aliyelala.

Aliyelala, tumesema. Hatukusema aliyelazwa. Mtoto wa miaka 2 au 3 ambaye kila siku hulala baada ya kula mchana anaweza kupimwa katika usingizi wake mwenyewe, akipangiwa saa ileile, chumba kikitiwa giza, akaja na shuka lake la nyumbani lisilofuliwa usiku uliotangulia, maana harufu ya shuka ndiyo kitanda chake. Mambo huharibika njiani. Anasinzia kwenye daladala kutoka Pongwe, analala dakika 20, anafika mlangoni akiwa macho makavu, na mama analaumiwa. Dawa yake ni mtu wa pili wa kufuatana naye, ambaye kazi yake ni moja tu: kumzuia asilale garini.

EEG nayo ina mtego wake, na mtego huo uko kwenye nywele. Vibandiko 21 hivi hupangwa kichwani kwa vipimo, kila kimoja kigusane na ngozi. Kichwa kilichopakwa mafuta ya nazi asubuhi hakishiki vibandiko, na mistari ya msuko hukaa palepale panapotakiwa kibandiko. Nywele zifumuliwe, zioshwe kwa sabuni usiku wa kuamkia kipimo, zisipakwe kitu. Kwa mtoto mwenye usonji kufumuliwa nywele peke yake ni vita, kwa hiyo kufanyike siku mbili kabla, kusiwe asubuhi ileile. Mwenye kuogopa kuguswa kichwa azoeshwe nyumbani wiki 2: kila jioni pamba yenye maji kidogo iguse sehemu 1 ya kichwa huku mama akihesabu mpaka 5, kesho sehemu 2, mpaka zifike 10 au 15, kisha avalishwe kofia ya baba inayobana na kukaa nayo akitazama anachokipenda. Mama akishaweza kuhesabu mpaka 20 bila mtoto kuvua kofia, uwezekano wa kufanya EEG bila dawa ni mkubwa. Usiku wa kuamkia kipimo alazwe saa 5 na aamshwe saa 10 alfajiri, ili apatwe na usingizi mezani. Na ikiwa kipimo kiko Dar es Salaam, familia ifike siku moja kabla. Mtoto aliyelala kwenye basi tangu Muheza mpaka Chalinze hatalala tena kwa hiari siku hiyo.

MRI haitaki mtoto alale. Inataka asitikisike, dakika 30 mpaka 45, ndani ya bomba jembamba linalogonga kwa kelele inayoweza kuzidi desibeli 100. Watoto wenye usonji wanaoweza hilo bila dawa wapo, hasa kuanzia miaka 7 au 8, wakichezewa sauti ya mashine kwenye simu, chini kwanza na kupandishwa siku hadi siku, na wakizoezwa kulala chali chini ya meza iliyofunikwa shuka. Walio wengi chini ya umri huo watahitaji dawa, na hapo hakuna haja ya mama kuona haya. CT skani, aina nyingine ya picha ya ndani ya mwili, ni jambo lingine: picha yenyewe huchukua sekunde, na watoto wengi wanaolazwa kwa ajili yake wangeweza kupigwa picha wakiwa wamefungwa kwenye shuka huku simu ikiwachezea mbele ya macho. Ila CT ina mionzi, na haiwi mbadala wa MRI kwa sababu tu ni rahisi. Na kwa kutoa damu, krimu ya ganzi yenye lidokaini na prilokaini, ikipakwa na kufunikwa dakika 60 kabla, huondoa sehemu kubwa ya ugomvi. Dakika 60 kamili, lakini. Ikipakwa dakika 15 kabla, inampa mtoto kibandiko cha kuchukia na sindano inauma vilevile.

Sasa tuseme kipimo kinahitajika kweli, maandalizi yamefanyika na hayakutosha. Hapo tunaingia kwenye dawa, na Kiswahili chetu kinatuletea tatizo dogo lenye madhara makubwa. Tunaita yote "nusukaputi", neno lililobeba ndani yake Kijerumani cha enzi za ukoloni, la kitu kilichokwisha, kilichokufa. Mama akisikia kwamba mwanawe anapewa nusukaputi, anasikia nusu kifo. Hospitalini ngazi ni 4. Kuna utulivu mwepesi, mtoto yu macho ila hajali. Kuna utulivu wa kati, anasinzia na akiitwa anafumbua macho. Kuna usingizi mzito wa dawa, haamki mpaka aumizwe, na hewa yake inahitaji kuangaliwa. Ya nne ndiyo nusukaputi kamili. Mwenye kusaini fomu ya ridhaa ana haki ya kuambiwa ni ngazi ipi. Na mwenye kutoa dawa ajue kwamba ngazi hizi hazina ukuta: mtoto aliyekusudiwa ngazi ya 2 anaweza kuteleza mpaka ya 3 kwa dozi ileile. Kwa sababu hiyo chumba huandaliwa kwa ngazi iliyo juu ya ile iliyokusudiwa.

Hapa ndipo zile dakika 15 na mama zinapolipa. Anakoroma usiku? Analala akiwa ameinua kidevu au anakatika pumzi? Huenda ana tonsili au nyama za puani kubwa, na hewa yake itaziba pale misuli ikilegea. Ana mafua au kikohozi cha wiki hii? Koo lenye mafua hujifunga kwa urahisi, na kipimo kisicho cha dharura kisogezwe mbele wiki 2 au zaidi. Ana seli mundu, au hajawahi kupimwa? Pwani hii swali hilo haliachwi, kwa kuwa kukaa bila maji na oksijeni kushuka ndivyo vinavyoamsha maumivu ya seli mundu. Anatumia dawa gani? Fenobabitoni ya kifafa humwongezea usingizi wa dawa nyingine. Risperidoni, dawa ya kupunguza hasira na fujo, hugusa moyo na shinikizo la damu. Na ile piriton au prometazini inayonunuliwa duka la dawa ili "apoe kidogo safarini" itajwe bila aibu. Prometazini kwa mtoto chini ya miaka 2 inaweza kusimamisha pumzi, na tahadhari hiyo ipo tangu 2004. Hakuna dawa ya kutuliza inayopaswa kunywewa nyumbani au kwenye basi kabla ya kipimo, hata kama imeandikwa na mtaalamu. Inywewe pale penye oksijeni.

Kisha uzito. Mtoto huyu hakubali kusimama juu ya mizani, basi muuguzi anatumia kanuni ya umri: miaka 5 jumlisha 4, mara 2, kilo 18. Mtoto mwenye usonji anayekula wali mkavu na ndizi tu anaweza kuwa na kilo 14. Mwingine, aliyetumia risperidoni mwaka mzima, ana 24. Midazolamu, dawa ya kutuliza, ikinywewa kwa miligramu 0.5 kwa kilo ni miligramu 9 kwa kilo 18 na miligramu 7 kwa kilo 14. Mtoto mwembamba amepewa zaidi ya robo ya ziada na hakuna aliyejua. Njia ni nyepesi: mama apande mizani amembeba, isomwe, kisha apande peke yake, isomwe, itolewe. Sekunde 40.

Njaa. Kanuni inayotumika ni saa 2 kwa maji, 4 kwa maziwa ya mama, 6 kwa maziwa mengine na chakula chepesi, 8 kwa chakula cha mafuta. Lakini ukimwambia mama wa Tanga "asile saa 6 kabla", huenda akasikia saa 6 usiku, au saa 6 mchana, na kila maana ina ajali yake. Mpe saa za ukutani. Kipimo ni saa 2 asubuhi: chakula chake cha mwisho kiwe cha usiku, kisipite saa 8 usiku; maji anywe mpaka saa 12 asubuhi, kisha basi. Chai ya rangi isiyo na maziwa inahesabiwa kama maji. Uji ni chakula hata ukiwa mwepesi kiasi gani. Juisi ya machungwa ya Muheza iliyokamuliwa nyumbani ina nyama za tunda, kwa hiyo haimo kwenye fungu la maji. Kipimo chake ni kwamba ukitazama juu ya glasi, lazima uone chini.

Ugumu uko kwenye mazoea. Mtoto ambaye kila siku ya maisha yake amekula andazi na chai ya maziwa kwenye kikombe cha bluu haelewi asubuhi isiyo na andazi. Nyumba nzima isile mbele yake. Kikombe cha bluu kiwepo, kiwe na chai ya rangi. Na hospitali, kwa upande wake, imweke wa kwanza kwenye orodha. Aliyekula saa 2 usiku na kuingizwa saa 6 mchana amefunga saa 16. Amekauka, sukari imeshuka, mishipa haionekani, amekwisha kuwapiga watu wawili, na kila mtu anaamini tatizo ni usonji wake. Foleni ikisogea, apewe maji tena kulingana na saa mpya. Kosa la upande mwingine ni la dawa ya kifafa: mama ameambiwa asimpe chochote, anaruka dozi ya alfajiri, mtoto anapata degedege mezani. Dawa ya kifafa hunywewa kwa wakati wake, kwa maji kidogo.

Kuhusu dawa zenyewe hatutamwambia mzazi achague, ila ajue zinafanyaje na zinaharibikaje. Midazolamu ya kunywa ni chungu. Mtoto mwenye ulimi mkali anaitema nusu, na hapo hakuna ajuaye ameshika kiasi gani. Kumwongezea kwa kukisia ndiko kunakozaa ajali dakika 40 baadaye. Ya puani, miligramu 0.2 mpaka 0.3 kwa kilo, inagawanywa tundu mbili, isizidi mililita 1 kila tundu, nayo inachoma kwa muda mfupi. Wapo watoto ambao midazolamu, badala ya kuwatuliza, huwapandisha: wanalia, wanacheka, wanapiga. Kuongeza dozi hapo ni kumwagia mafuta ya taa motoni. Na kwa EEG ina dosari ya pili, kwani hufuta yaleyale mawimbi ya kifafa yanayotafutwa. Karatasi inarudi safi, mtoto anaendelea kuanguka.

Ketamini ndiyo nguzo ya hospitali zetu, kwa sababu mtoto huendelea kupumua mwenyewe na inachomwa hata pajani kwa asiyekubali kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa. Miligramu 4 mpaka 5 kwa kilo kwenye msuli, analala ndani ya dakika 3 mpaka 5, kwa takriban nusu saa. Chupa moja ina miligramu 50 kwa mililita, nyingine 100. Mwenye kuvuta dawa kwenye sindano asome lebo kwa sauti na mwenzake aisikie, maana mililita zilezile kutoka chupa isiyo yake ni dozi mara mbili. Mate huongezeka, kutapika wakati wa kuamka ni kawaida, na mara chache koo la hewa hujifunga ghafla. Likijifunga, kifua kinapanda na hewa haiingii: taya linasukumwa mbele, barakoa yenye oksijeni inabanwa usoni, mfuko wa kupumulishia unashikiliwa kwa mgandamizo wa upole, na mtaalamu wa usingizi yuko tayari na dawa ya kulegeza misuli.

Klorali haidreti, ile ya zamani ya kunywa, bado ina wapenzi wake. Ubaya wake uko mwishoni: mwili huigeuza kuwa kitu kinachokaa saa nyingi, mtoto akaonekana ameamka, akarudi kulala njiani kuelekea nyumbani, shingo ikajikunja, hewa ikaziba. Vifo vya namna hiyo vimeandikwa. Deksimedetomidini ya puani, maikrogramu 2 mpaka 4 kwa kilo, inafanana zaidi na usingizi wa kweli, haichafui EEG kama midazolamu, na haichomi pua. Hushusha mapigo ya moyo na huchukua dakika 25 au zaidi kufanya kazi. Pale inapopatikana, kwa watoto hawa tunaona ndiyo ya kufikiriwa mapema. Wenye haraka huiona imeshindwa dakika ya 15 na kurundika dawa ya pili juu yake, kisha zote mbili zinafika kwa pamoja.

Chumbani awepo mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine isipokuwa kumtazama mtoto anavyopumua. Hashiki simu, hasaidii kupiga picha, hatafuti faili. Mtungi wa oksijeni ujaribiwe kwa kufunguliwa, mashine ya kunyonya mate na matapishi iwashwe isikike, barakoa ya ukubwa wa uso wake iwe mezani. Oksimita, klipu ya kidoleni inayosoma oksijeni ya damu, ni rafiki anayechelewa: mtoto anayepewa oksijeni anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki nzuri dakika nzima au zaidi. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha zaidi ya ukweli, kwa hiyo asilimia 92 isimpe mtu faraja. Na siku za Idi, binti mwenye hina nyeusi ya piko vidoleni anaweza asisomeke kabisa. Klipu iwekwe sikioni au kwenye kidole kisichopakwa. Asiyevumilia klipu afungiwe kwenye dole la mguu na kuvishwa soksi juu yake, akishalala.

Kabla ya mlango wa MRI, hirizi yenye bati, pini za nguo na hereni vivuliwe kwa mikono ya mama, na mama mwenyewe ndiye avitunze. Mtungi wa chuma haupiti mlango huo kwa hali yoyote. Mwaka 2001 nchini Marekani mtoto wa miaka 6 aliyekuwa amelazwa kwa dawa ndani ya mashine hiyo alifariki baada ya sumaku kuuvuta mtungi wa oksijeni.

Jambo moja linalopuuzwa ni kukusanya kazi. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya dawa za usingizi kwa watoto chini ya miaka 3 zikitumika zaidi ya saa 3 au kwa kurudiarudia. Usingizi mfupi wa mara moja haukuonekana kuwadhuru watoto waliofuatiliwa. Basi akilala leo, damu itolewe leo, meno yatazamwe, masikio yasafishwe, moyo upimwe, na kucha zikatwe ikiwa nyumbani hazikatiki. Daktari wa meno aitwe kabla mtoto hajalala. Kumtafuta akiwa tayari amelala ni kurefusha dawa bila sababu.

Kuamka ndiko kunakoacha kumbukumbu. Chumba kiwe na giza, sauti moja tu, ya mama. Kanula ifichwe chini ya bandeji kabla hajafumbua macho na itolewe mara isipohitajika tena. Kigezo cha "ameamka vizuri, anaongea" hakina maana kwa mtoto asiyeongea. Mama aulizwe mapema mwanawe akiwa sawa huwaje. Kama hutikisa vidole mbele ya macho na kutembea kwa ncha za miguu, basi hayo ndiyo tunayosubiri kuyaona kabla ya ruhusa. Asirudishwe nyumbani kwenye bodaboda wala kiti cha nyuma cha baiskeli. Apakatwe kwenye bajaji au gari, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na mtu wa pili amtazame uso njia nzima.

Na daftari la kliniki liandikwe siku hiyohiyo, kwa maneno ambayo mwingine ataweza kuyatumia: kilo 14 kwa mizani, ketamini miligramu 56 pajani, alilala dakika ya 4, aliamka dakika ya 50, alitapika mara 1, alikataa klipu ya kidoleni akakubali ya mguuni, akiamka asiguswe kichwa, aitwe kwa jina la nyumbani.